Njia ya Kurudi: Kitufe cha Nyuma na Kurasa Zinazotuelekeza Kwingine



Nimechagua kuzungumzia kitufe kidogo kilichopo kwenye kila kivinjari, chenye mshale unaotazama nyuma. Katika simu nyingi siku hizi hata hakionekani. Mtu hutelezesha kidole kutoka ukingo wa kioo na kazi ileile ikafanyika. Nitakizungumzia katika hali moja mahususi. Mtu amebofya kiungo, akapitishwa kwenye ukurasa ambao hakuuomba, akafikishwa kwingine, na sasa anataka kurudi alikotoka. Arudishwe wapi?

Jibu langu nalitoa mapema ili mlipime kadiri tunavyoendelea. Kitufe cha kurudi nyuma ni cha mtumiaji, si cha mwenye tovuti. Kila kinapobonyezwa, kinapaswa kumrejesha mtu mahali pa mwisho alipokuwa yeye mwenyewe: alipopaona, akasoma au akatenda kitu. Ukurasa uliompokea kwa nukta chache ili umsukume mbele haujawahi kuwa mahali pake, na haustahili kukaa kwenye njia yake ya kurudi. Kulinda kanuni hiyo ni kazi ya mjenzi wa tovuti kwanza. Kivinjari ni mlinzi wa mwisho, na nitaonyesha kwa nini hatuwezi kumwachia mlinzi huyo kazi yote.

Ujasiri wa kubofya

Wavuti ilizaliwa katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza mwaka 1990. Mwaka 1993 kikaja Mosaic, kazi ya Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na hicho ndicho kilichoifikisha wavuti kwa watu wasio wataalamu. Katika dirisha la Mosaic palikuwa na kitufe cha kurudi nyuma na cha kwenda mbele, na vivinjari vikubwa vilivyofuata vyote vimerithi vitufe hivyo.

Watafiti walikitambua mapema kitufe hiki. Mwaka 1995, Lara Catledge na James Pitkow wa Georgia Tech walirekodi namna watu walivyokitumia kivinjari, wakakuta kitufe cha nyuma kimechukua takriban asilimia 41 ya hatua zote za kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kilichokipita kilikuwa ni kubofya viungo peke yake. Mwaka 1997, Linda Tauscher na Saul Greenberg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walionyesha kwamba asilimia 58 ya kurasa ambazo watu walizifungua walikuwa wamekwisha kuzifungua kabla. Mwaka 1999, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alitoa orodha ya makosa mapya kumi ya usanifu wa tovuti. Kosa la kwanza katika orodha hiyo lilikuwa kuvunja au kuchelewesha kitufe cha nyuma. Tangu hapo watu wamezoea kufungua kurasa nyingi kwa pamoja katika vichupo, na mgawo wa kitufe hiki umepungua. Haja yake haijapungua, na sababu yake iko katika namna wavuti yenyewe inavyofanya kazi.

Kiungo hakimwonyeshi mtu kilichoko upande wa pili. Anaona maneno matatu au manne yaliyopigiwa mstari, anakisia, anabofya. Akikisia vibaya, hasara yake ni ndogo kwa kuwa anajua atarudi. Wazee wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayezunguka huku na huku chomboni huzunguka kwa utulivu akijua pale pa kurejea papo na panamngoja. Ukimwondolea mtu uhakika huo, hatabofya tena kwa moyo mweupe. Mtumiaji mpya wa simu, ambaye bado anahofia kwamba akigusa vibaya ataharibu kitu, ataacha kugusa kabisa. Hofu yake si ujinga. Amejifunza kutokana na kurasa zilizomnasa.

Kuelekezwa kwingine

Kivinjari kinapoomba ukurasa, seva hujibu kwa msimbo wa tarakimu tatu. Msimbo wa 200 una maana kwamba ukurasa upo na unaletwa. 404 ina maana haupo. Misimbo inayoanza na 3 ina ujumbe wa namna nyingine: unachokitafuta kipo kwingine, na anwani yake ni hii. Kivinjari hakimuulizi mtu. Huchukua anwani mpya na kuomba tena.

Misimbo hiyo inatofautiana, na tofauti zake si mapambo. 301 husema ukurasa umehama moja kwa moja. 302 husema umehama kwa muda. 303 husema jibu la ulichokituma utalisoma kwenye anwani nyingine. 307 na 308 zinafanana na 302 na 301, ila zinakitaka kivinjari kirudie ombi lilelile bila kulibadilisha aina. Anayetumia 301 pale alipokusudia 302 anajitafutia taabu, kwa sababu kivinjari hukumbuka hamisho la kudumu na kinaweza kuendelea kumpeleka mtu kule hata baada ya mwenye tovuti kulifuta.

Sababu halali za kuelekeza ni nyingi. Chuo kimejenga tovuti upya na anwani za zamani zimebaki kwenye viungo vya watu. Tovuti imehamia kwenye mawasiliano yaliyofichwa kwa usalama. Kiungo kirefu kimefupishwa ili kitoshe kwenye ujumbe wa simu. Mtumiaji hajaingia kwenye akaunti, kwa hiyo anapelekwa kwanza penye nywila. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika insha akihimiza kwamba anwani zilizofikiriwa vizuri hazina sababu ya kubadilika, nami nakubaliana naye: uelekezaji bora ni ule ambao hukuuhitaji. Lakini taasisi hubadilika, majina hubadilika, na kumwelekeza mtu panapofaa ni bora mara mia kuliko kumwachia tangazo kwamba ukurasa haupo.

Tatizo linaanza pale uelekezaji unapozidi. Maelezo ya itifaki ya HTTP ya mwaka 1996 yalivishauri vivinjari visifuate uelekezaji zaidi ya mara 5 mfululizo. Kanuni zinazofuatwa leo zinaruhusu hadi mara 20. Mtu anaweza kubofya kiungo kimoja cha tangazo, akapitishwa kwenye anwani kadhaa za kampuni zinazohesabu mibofyo, kisha akafika, yote ndani ya sekunde moja au mbili. Kwake yeye amehama mara moja tu. Aliona ukurasa wa kwanza, akaona wa mwisho. Orodha ya kurudi inapaswa kusema hivyohivyo.

Njia tatu, matokeo matatu

Tumfuate mkulima anayetafuta bei ya mahindi. Yuko kwenye ukurasa wa matokeo ya utafutaji, tuuite wa kwanza. Anabofya kiungo kinachoelekea anwani ya zamani, ya pili. Anwani hiyo inampeleka kwenye ukurasa mpya wa bei, wa tatu. Anaona bei ni za mwaka jana. Anabonyeza nyuma.

Kama anwani ya pili ilimwelekeza kwa msimbo wa seva, mambo ni mazuri. Kivinjari hakikupewa ukurasa wowote pale katikati, kwa hiyo historia ina mahali pawili tu. Mbonyezo mmoja unamrudisha kwenye matokeo ya utafutaji, anachagua kiungo kingine, maisha yanaendelea.

Njia ya pili ni agizo linaloandikwa ndani ya ukurasa wenyewe wa HTML, likikiambia kivinjari kisubiri sekunde kadhaa kisha kihamie anwani fulani. Lilienea tangu katikati ya miaka ya 1990. Hapa ukurasa wa pili umepakiwa kweli, na vivinjari vya zamani viliuandika kwenye historia kama ukurasa mwingine wowote. Mkulima akibonyeza nyuma kutoka wa tatu anafika wa pili; saa inaanza kuhesabu upya; anarushwa tena wa tatu. Akibonyeza mara kumi, atarushwa mara kumi. Mwongozo wa kwanza wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuhusu tovuti zinazofikiwa na watu wote, wa mwaka 1999, uliwataka wajenzi waache mtindo huo na waiachie seva kazi ya kuelekeza. Mwongozo ule uliwafikiria hasa watu wenye ulemavu. Fikirieni mtu asiyeona anayesomewa ukurasa na programu ya sauti: maneno hayajafika nusu, ukurasa umeshabadilika chini yake. Kanuni za HTML za leo zinakitaka kivinjari kiuondoe ukurasa wa namna hiyo na kuuweka ule mpya mahali pake, badala ya kuongeza hatua. Ni marekebisho mema, lakini ilichukua miaka mingi, na waliokwama katika miaka hiyo hawakujua kosa ni la nani.

Njia ya tatu ni ya JavaScript, na hapa ndipo makosa mengi ya siku hizi yanapofanyika. Mjenzi ana namna mbili za kuhamisha ukurasa. Moja huongeza ukurasa mpya juu ya historia, kana kwamba mtu amebofya kiungo. Nyingine, iitwayo location.replace, huuweka ukurasa mpya mahali pa ule uliopo, na ule uliopo ukatoweka kwenye njia ya kurudi. Kwa macho hakuna tofauti. Mjenzi akijaribu kwenda mbele, zote mbili zinafanya kazi. Tofauti inajitokeza pale tu mtu anapogeuka, na wajenzi wengi hujaribu kwenda mbele tu.

Kwetu Afrika Mashariki kosa hili lina sura yake. Watu wengi hawaanzii kwenye kivinjari. Huanzia kwenye WhatsApp. Kiungo kimetumwa kwenye kundi la familia au la kazini, mtu anakigusa, kivinjari kinafunguka. Akimaliza anabonyeza nyuma akitarajia kurudi kwenye maongezi. Kama ukurasa wa kupitia umekaa chini kabisa ya historia na unamsukuma mbele kila anapoufikia, harudi kwenye maongezi kamwe. Inambidi afunge programu nzima na kuanza upya. Wengi wamezoea kufanya hivyo na wanadhani ndivyo simu ilivyo.

Fomu na fedha

Tuje kwenye jambo linalogusa mfuko. Ombi la kusoma ukurasa huitwa GET. Ombi la kutuma fomu kwa kawaida huitwa POST, na hilo hubadilisha kitu upande wa seva: linasajili, linanunua, linalipa. Tuseme mwanafunzi analipa ada ya maombi ya chuo kupitia fomu. Kama seva itaijibu POST hiyo moja kwa moja kwa ukurasa wa risiti, basi ile risiti katika historia ni tokeo la kutuma fomu. Akiupakia upya, au akienda mbele kisha akarudi, kivinjari kinaweza kumuuliza kama kitume fomu tena. Mwanafunzi mwenye wasiwasi kama malipo yamepita atajibu ndiyo. Na hapo anaweza kulipa mara mbili.

Dawa yake inajulikana kwa muda mrefu. Seva ikishapokea malipo, isitoe risiti papo hapo. Itoe msimbo wa 303 unaoelekea anwani ya risiti. Kivinjari kitaisoma risiti kwa GET, na kuipakia upya hakutalipa kitu. Msimbo wa 303 uliingia katika HTTP/1.1 mwaka 1997 kwa sababu 302 ilikuwa imeleta mkanganyiko: maelezo yalisema ombi lisibadilishwe aina, lakini vivinjari vilikuwa vikiigeuza POST kuwa GET. Mwaka 1999 ikaongezwa 307 kwa wale waliotaka kweli ombi libaki lilivyo. Makala ya Michael Jouravlev ya mwaka 2004 yalisaidia kuueneza mtindo huu wa kutuma, kuelekeza, kisha kusoma, na leo zana nyingi za kujengea tovuti zinaufahamu.

Huu ni uelekezaji unaomtumikia mtu. Unasafisha historia yake ili ibaki na mahali pawili alipopaona: fomu, na risiti.

Lakini kazi haijaisha. Mwanafunzi akibonyeza nyuma kutoka kwenye risiti anafika kwenye fomu, pengine ikiwa bado imejazwa, na kitufe cha kulipa kinamtazama. Hapa wajenzi hugawanyika. Wapo wanaosema fomu iliyokwisha kutumika imrushe mtu mbele kwenye risiti kila anapoirudia. Siafiki. Fomu ni mahali: mtu alikaa pale, akaandika jina lake, akafikiri. Ana haki ya kurudi kutazama alichoandika, au kupita hapo akielekea nyuma zaidi. Kinachotakiwa ni fomu iseme kweli kuhusu hali ya sasa: malipo haya yamepokelewa, risiti yako iko hapa, ukitaka kulipa jingine anza hapa. Na seva iwe imeipa kila fomu namba ya matumizi ya mara moja, ili hata ikitumwa mara ya pili kwa bahati mbaya, malipo ya pili yasifanyike. Ulinzi wa fedha za mtu uwe kwenye seva. Kumzuia asirudi si ulinzi.

Mlango wa kuingilia

Hali ngumu kuliko zote ni ya kuingia kwenye akaunti. Mtu anataka kuona ukurasa wake wa matokeo. Tovuti haimtambui, inampeleka kwa mtoa utambulisho, anaandika nywila, anarudishwa kupitia anwani maalumu ya mapokezi, kisha anafikishwa alikotaka. Mfumo wa OAuth 2.0, uliochapishwa mwaka 2012 na unaotumika karibu kila palipo na kitufe cha kuingia kwa akaunti ya kampuni nyingine, unafuata safari hiyo. Anwani ya mapokezi hubeba namba ya siri ambayo hairuhusiwi kutumika zaidi ya mara moja, na maelezo ya mfumo yanashauri isiishi zaidi ya dakika 10.

Sasa fikirieni anwani hiyo ikiingia kwenye historia, kwa sababu mjenzi ameifanya kuwa ukurasa wenye JavaScript unaohamisha kwa kuongeza hatua. Mtu akibonyeza nyuma anaipeleka namba iliyokwisha kutumika. Anapata ujumbe mwekundu wa kosa, naye hakukosa lolote. Anwani ya mapokezi ni ya kupitia tu. Imalize kazi yake kwa msimbo wa seva, au kwa replace, na isibaki nyuma.

Ukurasa wa nywila wenyewe ni mahali, maana mtu aliandika kitu pale. Akiurudia akiwa ameshaingia, tovuti nyingi humrusha mbele. Kama zinamrusha kwa msimbo wa seva, kwa kawaida hasara yake ni mbonyezo mmoja: anajikuta kwenye ukurasa asioutaka, anabonyeza tena, anapita. Kama zinamrusha kwa JavaScript inayoongeza hatua, amenaswa kama mkulima wetu. Ushauri wangu ni uleule wa fomu ya malipo. Ukurasa useme: umekwisha kuingia, endelea hapa, au toka. Kisha umwachie mtu uamuzi.

Kivinjari kama mlinzi

Mpaka sasa nimezungumza kuhusu makosa ya uzembe. Yapo na ya makusudi. Kadiri HTML5 ilivyoenea, karibu na mwaka 2011, wajenzi walipata uwezo wa kuongeza hatua kwenye historia bila kupakia ukurasa mpya. Uwezo huo una manufaa makubwa: ndio unaomwezesha mtu anayesoma barua pepe kwenye wavuti kufungua barua, kubonyeza nyuma na kurudi kwenye orodha. Lakini tovuti za ulaghai na za matangazo mabaya ziliuchukua na kujaza historia hatua bandia, ili kila mbonyezo wa nyuma umbakize mtu palepale au umtokezee na tangazo.

Vivinjari vimejibu. Tangu mwaka 2019, Chrome huziruka hatua za kurasa zilizoongeza historia au kuhamisha mtu bila yeye kugusa chochote. Kanuni za HTML nazo zinasema kwamba hati ambayo haijamaliza kupakiwa ikijihamisha yenyewe bila tendo la mtumiaji, hamisho hilo lihesabiwe kuwa la kubadilisha hatua iliyopo, si la kuongeza mpya. Naliona wazo hilo kuwa sahihi kabisa, kwa sababu linapima kitu kinachofaa kupimwa: je, mtu alitenda kitu hapa?

Hata hivyo kipimo hicho hakitoshi. Kivinjari kinaona mguso, hakioni nia. Ukurasa wa hila unaweza kumwekea mtu kisanduku cha kukubali vidakuzi, na mguso huo mmoja ukahesabiwa kuwa alishiriki. Kwa upande wa pili, kuna ukurasa wa kupitia unaostahili kuheshimiwa: ule unaomwonya mtu kwamba anatoka kwenye tovuti ya benki yake na kupelekwa kwingine baada ya sekunde chache. Mtu anaweza kuusoma kwa makini bila kugusa kitu, akapelekwa, kisha akataka kurudi kuusoma tena. Muda nao haufai kuwa kipimo. Kwenye mtandao wa kasi ndogo, ukurasa unaweza kukaa mbele ya macho sekunde nane kwa sababu unaofuata unachelewa, wala si kwa sababu mtu anausoma. Anayejua kama ukurasa ulikusudiwa kusomwa au kupitiwa ni aliyeujenga. Ndiyo maana wajibu wa kwanza ni wake.

Bando na faragha

Kuna mambo mawili ambayo mjadala huu mara nyingi huyasahau. La kwanza ni gharama. Mwenye bando la megabaiti mia hatazami kurudi nyuma kama jambo la bure. Kila ukurasa unaopakiwa upya unakula fedha yake. Maelezo ya HTTP/1.1 ya mwaka 1999 yalitenganisha historia na akiba ya kurasa, yakasema historia ikusudie kumwonyesha mtu kile hasa alichokiona wakati ule, bila kulazimika kukiomba upya. Firefox 1.5 ya mwaka 2005 ililitekeleza wazo hilo kwa kuuhifadhi ukurasa mzima kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na Chrome ikafuata, kwenye simu mwaka 2020 na kwenye kompyuta mwaka 2021. Ukurasa ukihifadhiwa hivyo, mtu hurudi papo hapo, na data haitumiki. Lakini mjenzi anayeweka kwenye kila ukurasa, kwa mazoea tu, agizo la no-store, linalokataza ukurasa kuhifadhiwa, anaweza kumnyima mtu faida hiyo.

La pili ni faragha. Kwenye kompyuta ya intaneti kafe, au simu inayotumiwa na nyumba nzima, mtu anaweza kutoka kwenye akaunti yake na kuondoka, kisha anayefuata akabonyeza nyuma na kuona salio au majibu ya hospitali. Hapa agizo la no-store lina kazi ya haki, na ukurasa wa siri ukirudiwa baada ya mtu kutoka, seva inafanya vyema kumwelekeza anayefuata penye nywila. Sioni mgongano na hoja yangu. Aliyebonyeza si yule aliyekuwa pale. Mahali pale hapakuwa pake. Kanuni inayomlinda wa kwanza ndiyo inayomkatalia wa pili.

Ninachopendekeza

Kwa wajenzi wa tovuti nina mambo manne. Kwanza, elekezeni kwa seva kila inapowezekana, na mchague msimbo kwa maana yake: 301 au 308 kwa kilichohama kabisa, 302 au 307 kwa cha muda, 303 baada ya fomu. Pili, ikibidi kuhamisha kwa JavaScript, tumieni replace, na msiwaachie watu agizo la kusubiri sekunde ndani ya HTML. Tatu, pale mtu alipoandika au kuamua kitu, mwacheni arudi, na ukurasa umweleze kwa ukweli kilichokwisha kutendeka. Nne, msiongeze hatua kwenye historia isipokuwa mtu mwenyewe amesogea.

Kwa walimu wa kompyuta: tuyafundishe haya katika wiki ileile tunayofundisha fomu. Mwanafunzi anayejua kutuma POST na hajui 303 amefundishwa nusu ya somo, na nusu iliyobaki wataigharimia watu wengine kwa fedha zao.

Kwa wanaoagiza tovuti, wawe ni wakuu wa shule, maafisa wa halmashauri au wenye biashara: msipokee kazi kwa kutazama rangi na picha tu. Jitumieni kiungo cha tovuti mpya kwa WhatsApp. Kiguseni kwenye simu ya bei nafuu, kwenye mtandao wa kawaida. Fikeni ukurasa wa kwanza, kisha mbonyeze nyuma mara moja. Jazeni fomu, itumeni, mbonyeze nyuma, mwone kama inaeleweka. Ingieni kwenye akaunti, mrudi, mtoke, mrudi tena. Jaribio lote halizidi dakika kumi, na halihitaji utaalamu wowote. Pale mtakaponaswa ninyi, wananchi wote watakaoitumia tovuti hiyo watanaswa pia. Mrudishieni fundi kazi yake, na msimalizie malipo mpaka njia ya kurudi iwe wazi.